Nyuso Zisizo na Majina: Unguja Mbele ya Kamera za Wageni

Postikadi zilizotoka Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20 zina mandhari moja inayorudiwa tena na tena: karafuu zimeanikwa juani, na watu wameinama wakizigeuza na kuzichambua. Chini yake kuna maneno machache ya Kiingereza yanayomweleza mnunuzi kwamba hizi ni karafuu zikianikwa, Zanzibar. Karafuu zimetajwa jina na kisiwa kimetajwa jina. Mara nyingi hata studio iliyouza picha imejitaja. Watu waliozichuma hawakutajwa.

Nimezitazama picha hizi kwa miaka mingi, na kila mara nafsi yangu hurudi Kizimbani, mwendo mfupi wa gari kutoka Mji Mkongwe, shamba kwa shamba baada ya Bububu na Kidichi. Historia ya kupigwa picha kwa Unguja inaweza kusimuliwa kutokea Forodhani, kwenye majumba na meli, na ndivyo isimuliwavyo kwa kawaida. Mimi naona ikisimuliwa kutokea Kizimbani tunaona zaidi, kwa sababu pale ndipo ilipotoka mali iliyowavuta wageni pamoja na kamera zao.

Shamba kabla ya picha

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfanyabiashara wa Kiarabu, Saleh bin Haramil Al-Abry, alileta mbegu za mikarafuu kutoka kisiwa cha Réunion. Akapanda Mtoni na Kizimbani. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na ulipozaa, faida ilionekana kwa kila mwenye macho. Mwaka 1828 Seyyid Said bin Sultan aliyachukua mashamba ya Saleh, na Kizimbani ikawa milki ya mtawala. Magofu ya hamamu ya zama zake yako huko hadi leo, madogo na sahili kuliko yale ya Kidichi.

Mikarafuu ilitaka mikono. Mikono hiyo ililetwa kwa nguvu kutoka bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko, ikapitishwa Kilwa na sokoni mjini, ikapelekwa mashamba. Kwa hiyo kamera ya kwanza ilipofika Unguja, tayari kisiwa kilikuwa na watu wa aina mbili machoni pa dunia: wachache waliojulikana kwa majina na nasaba zao, na wengi waliohesabiwa kwa vichwa. Kamera haikuunda mgawanyiko huo. Iliukuta, ikaufuata.

Bamba la fedha, 1846–1860

Charles Guillain, nahodha wa jeshi la majini la Ufaransa, alizunguka pwani ya Afrika Mashariki na merikebu Ducouëdic kuanzia 1846 hadi 1848. Ufaransa ilitaka kujua biashara ya pwani hii, na Guillain alitumwa kuipima: bandari, mizani, bei, siasa za Seyyid Said. Pamoja na dira na vitabu vya hesabu, msafara wake ulibeba chombo kipya cha dagereotipu, kilichotangazwa Paris mwaka 1839 tu. Kilifanya kazi kwa bamba la shaba lililopakwa fedha, likafukizwa kwa kemikali hadi likashika mwanga. Kila bamba lilikuwa picha moja pekee, isiyoweza kurudufishwa. Hizo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa kupigwa pwani yetu.

Kwa kuwa bamba halirudufiki, wachoraji wa Paris walilazimika kuzinakili kwa mkono juu ya mawe ya kuchapia. Kazi ya Guillain ilipochapishwa miaka ya 1850, wasomaji waliona michoro iliyotokana na picha, siyo picha zenyewe. Ndani yake mna nyuso za watu wa pwani na bara zilizopangwa kwa makabila. Mtu alikaa kimya mbele ya chombo asichokijua, akatazama mbele, akatoka humo akiwa mfano wa kabila lake. Naitaja hatua hii kwa sababu mtindo huo ulidumu miaka mia moja.

Agosti 1860 wakafika Waingereza wawili waliokuwa njiani kutafuta chanzo cha Mto Nile, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Grant ndiye aliyebeba kamera. Teknolojia ilikwisha kubadilika: sasa ilikuwa kioo kilichopakwa dawa mbichi, ambacho lazima kipigwe na kusafishwa kabla hakijakauka, yote ndani ya hema la giza. Grant alipiga picha Unguja, lakini walipoingia bara aliachana nazo akashika penseli na rangi. Speke aliandika kwamba joto la hema lile lingemuua mwenzake. Wasomaji wa leo, wanaopiga picha mia kwa asubuhi moja, inafaa wakumbuke hema hilo. Tena bamba lilihitaji muda kushika mwanga, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu wa picha za zamani wanaonekana wamekauka kama miti. Waliambiwa wasitikisike, na kichwa kikitikisika kidogo tu uso ulipotea.

Bibi wa Kizimbani

Hapa ndipo Kizimbani inapokutana na picha kwa namna ambayo sijaona ikisisitizwa vya kutosha.

Seyyid Said alifariki 1856. Miaka mitatu baadaye mwanawe Barghash alijaribu kumpindua nduguye Majid, aliyerithi utawala. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwemo dada yao, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, na kwa ajili hiyo akawa mwandishi wa barua za njama. Njama ilishindwa, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Salme aliuhama mji akaenda kukaa shamba lake, nalo lilikuwa Kizimbani. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kuna sura nzima yenye jina la Kizimbani na Bububu.

Baadaye alirudi mjini, akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na Agosti 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa, akaolewa, akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Huko Hamburg ndiko alikopigwa picha inayojulikana kuliko zote zake: amevaa mavazi ya nyumbani, ya binti wa sultani wa Zanzibar, na vito vyake, ndani ya studio ya mji wa baridi ambako hakuna mtu aliyevaa hivyo. Yeye, aliyekuwa mwenyeji wa Unguja, sasa alikuwa mgeni anayetazamwa. Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, na mjane akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya watu.

Naipenda picha hiyo, na naielewa huzuni yake. Lakini nataka kuuliza swali ambalo haiwezi kulijibu: wale waliokuwa wakichuma karafuu za Kizimbani alipokuwa bibi wao, nyuso zao ziko wapi? Salme alikuwa na kalamu na alikuwa na picha. Katika sura aliyoandika kuhusu utumwa aliutetea dhidi ya lawama za Wazungu, akawasema watumwa bila ya kuwaachia nafasi ya kusema. Hivyo shamba lile lina bibi mwenye uso, sauti na majina mawili, na watu wasio na hata kimoja.

Picha kama ushahidi, 1866–1873

Mwaka ule ule Salme alipotoroka, aliwasili Unguja Dk. John Kirk, Mskoti, tabibu na mtaalamu wa mimea, aliyekuwa na mmisionari na msafiri David Livingstone kwenye msafara wa Zambezi. Alikaa hadi 1886, akapanda vyeo hadi kuwa konseli mkuu wa Uingereza mwenye nguvu kuliko mawaziri wa sultani. Kirk alipenda kamera toka Zambezi, na Unguja aliendelea nayo. Picha zake, ambazo nyingi sasa ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh, ni hazina: nyumba za ufukweni kabla ya jumba la Beit al-Ajaib kujengwa 1883, watu, na hasa miti. Alikuwa na bustani ya majaribio Mbweni, na jicho lake la mimea linaonekana. Mti kwake ulikuwa na jina la Kilatini na mahali pake katika orodha.

Kapteni George Sulivan wa meli Daphne alikuwa na nia nyingine. Meli yake iliwinda majahazi ya watumwa, na mwaka 1868 alipiga picha za watu waliotolewa kwenye majahazi hayo, wengi wao watoto, mbavu zikihesabika, wamekaa juu ya sitaha. Picha hizo ziliambatishwa kwenye taarifa rasmi zilizopelekwa London, na michoro iliyotokana nazo ikaingia katika kitabu chake cha 1873. Kwa mara ya kwanza picha kutoka maji yetu ilikuwa hoja ndani ya siasa: mbunge asiyeamini maneno angeona mbavu. Juni 5, 1873, chini ya shinikizo la manowari, Barghash, ambaye sasa alikuwa sultani, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa, na mwaka huo huo Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya uwanja wake.

Sidharau hata kidogo kazi ya picha hizo. Lakini hata zilipowatetea watoto wale, hazikuandika nani ni nani. Walipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli, au kwa wamisionari, wakapewa majina mapya huko walikofikia.

Shambani nako, kimbunga cha Aprili 15, 1872, kilikuwa kimeng'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo uzito wa zao ukahamia huko. Kizimbani ilipanda upya, na bado kwa mikono ya watumwa: mkataba wa 1873 ulizuia kusafirisha na kuuza, haukumkomboa aliyekwisha kuwa shambani.

Kalulu, Susi na Chuma

Kuna Waafrika walioondoka pwani hii wakapigwa picha Ulaya, na mifano miwili inanigusa sana.

Mwaka 1871, Tabora, mfanyabiashara mmoja alimpa msafiri Henry Morton Stanley mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina, akambadilishia: Kalulu. Mwaka 1872, London, walipigwa picha pamoja katika studio, Stanley na bunduki yake, mtoto kando yake kama mbeba silaha, nyuma yao mandhari ya kubuni. Kadi za picha hiyo ziliuzwa kwa wingi. Kalulu alirudi na Stanley barani na akazama katika maporomoko ya Mto Kongo mwaka 1877. Maporomoko yakapewa jina lake, lile jina la pili.

Tofauti kabisa ni Abdullah Susi na James Chuma. Hawa ndio walioongoza msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, na mwaka 1874 wakaalikwa Uingereza. Katika picha iliyopigwa Newstead Abbey wanaonekana na binti ya Livingstone na rafiki zake, ramani na madaftari mezani, na majina yao yameandikwa. Walikuwa mashahidi, bila wao madaftari yasingesomeka vizuri. Wote wawili walirudi Zanzibar na kufia huko, Chuma 1882 na Susi 1891. Kwa hiyo haikuwa kwamba wapiga picha hawakujua kuandika majina ya Waafrika. Waliyaandika walipomhitaji mwenye jina.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Mmarekani Percival Lowell alipokwenda Korea na kamera mwaka 1884 alimpiga picha Mfalme Gojong, na dunia ikamjua mfalme kwa jina lake. Watu wa barabarani wa Seoul wakabaki Wakorea tu.

Milingoti bandarini, 1896–1914

Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza zilipiga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja. Kamera zilikuwepo siku zilizofuata, na kuta zilizobomoka zikawa bidhaa. Vita hivyo viliwaachia wasomaji wa picha alama nzuri ya tarehe. Meli ya sultani, Glasgow, ilizama bandarini, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi 1912. Ukiiona milingoti hiyo, picha ni ya miaka hiyo kumi na sita. Alama nyingine ni saa ya Beit al-Ajaib. Kabla ya vita mnara ulisimama peke yake mbele ya jengo; baada ya vita mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Na ukiona reli ikipita ubavuni mwa Ngome Kongwe, ujue ni baada ya Wamarekani kujenga garimoshi la Bububu mwaka 1905. Ni ujuzi mdogo huu, wa kusoma mlingoti na mnara, unaoirudisha picha ndani ya wakati wake.

Biashara ya picha mjini ilikuwa mikononi mwa Wagoa, watu waliotoka Goa iliyotawaliwa na Wareno: A. C. Gomes na mwanawe, na ndugu Coutinho. Wageni wa kwanza walikuja na kupita; hawa walifungua duka, wakajua jua la saa ngapi linafaa na nani alipe kiasi gani. Matajiri walikwenda kwao kupigwa picha za familia. Watu wa mjini nao walinunua picha, hata za watu wasiowajua, wakazitundika pamoja na vioo, sahani na saa za ukutani. Kwa mabaharia na abiria wa meli ziliuzwa postikadi: bandari, vichochoro, karafuu, na wanawake walioandikwa tu kuwa warembo wa Kiswahili.

Hao wanawake wanastahili kutazamwa kwa utulivu. Hadhi ya mtumwa kisheria ilifutwa Aprili 1897. Kabla ya hapo nguo ilimtambulisha mtu: mwanamke mtumwa alijifunga kaniki au merikani, kitambaa cheusi au cheupe kisicho na nakshi, na hakuruhusiwa kujitanda kama bibi yake. Katika postikadi za baada ya hapo wanawake wamevaa kanga, zenye rangi na maua, doti zima, wengine na ukaya kichwani. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha vizuri kwamba mavazi hayo yalikuwa tamko la watu waliokuwa wakijitengenezea hadhi mpya. Mwenye duka alidhani anauza urembo. Aliyesimama mbele ya kamera alikuwa amechagua kanga yake, ameifunga apendavyo, na pengine ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuchagua. Jina hakuandikiwa, lakini kauli yake imo mle ndani ya picha, na mimi naamini alijua hivyo.

Shambani ilikuwa vingine. Picha za karafuu za miaka hiyo zinaonesha kazi ambayo mtu yeyote wa Kizimbani ataitambua bila kufasiriwa: wachumaji juu ya ngazi na matawini, wanaochambua kutenga karafuu na makonyo, majamvi yaliyotandazwa, mvua ikivizia. Wengine waliokuwa wakichuma walikuwa watumwa wa jana waliobaki kwenye shamba lile lile kwa mapatano mapya, wengine Waunguja waliotoka vijijini kwa msimu, wengine Wanyamwezi kutoka bara. Hayo yote hayamo katika yale maneno machache ya Kiingereza.

Studio ya mwenyeji, 1930–1964

Mwaka 1930 Ranchhod Oza, Mhindi aliyewahi kufanya kazi kwa Gomes, alifungua Capital Art Studio. Alimpiga picha Sultan Khalifa bin Haroub na sherehe zake, lakini pia harusi, watoto, vijana waliotoka mitaa ya Ng'ambo wakiwa wamevaa suti ya kukopa. Hapa mambo yaligeuka. Anayelipa ndiye anayepigwa picha, na jina lake limo kwenye daftari la duka kwa sababu lazima arudi kuchukua picha yake. Zama hizo hizo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na jina lake likachapishwa juu ya kila moja. Uso na jina vilianza kukaa pamoja.

Kisha Mapinduzi ya Januari 1964. Familia nyingi ziliondoka na albamu kama mzigo pekee, nyingine zikaacha kila kitu. Picha za Unguja zilitawanyika Muscat, Dubai, London, na nyingine zikaozea makabatini. Ardhi ikataifishwa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu, wakiwemo wajukuu wa wale waliochuma bila malipo. Ugawaji ule ulilazimu kitu ambacho hakuna kamera iliyowahi kukitaka shambani: orodha ya majina.

Kizimbani sasa

Leo mkusanyiko mkubwa wa picha za kale za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,000, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilichozipata mwaka 2002 kutoka kwa Mwingereza Humphrey Winterton, na mtu wa Bububu mwenye simu anaweza kuzifungua. Nyaraka zetu wenyewe ziko Kilimani. Capital Art Studio bado iko Barabara ya Kenyatta, kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe. Katika jumba la makumbusho la kasri, Salme alitengewa chumba chake.

Kizimbani ina chuo cha kilimo na shamba la viungo la serikali, na magari ya watalii huingia tangu asubuhi. Wageni wanaoneshwa mdalasini, hiliki, vanila, pilipili manga, na mkarafuu ule ule. Mwisho wa matembezi kijana hukaza kamba ya kumbi miguuni akaupanda mnazi huku akiimba, na simu zote zikaelekezwa juu. Picha za asubuhi moja pale huenda zimezidi idadi ya mabamba yote ya Guillain. Akishuka, hugawa madafu, na baadhi ya wageni, kabla ya kurudi garini, humuuliza anaitwa nani. Hulitaja jina lake polepole, kisha hulitaja tena, hadi walitamke sawa.